Asilimia 76 ya nini? Jinsi ya kusoma tafiti za muda mrefu za kifundo bandia cha mguu

Kati ya Novemba 1993 na Februari 2000, madaktari wa hospitali ya Wrightington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, waliwawekea wagonjwa 184 vifundo bandia 200. Kifaa kilikuwa kimoja kwa wote: STAR, kilichobuniwa na daktari wa Denmaki, Hakon Kofoed. Wagonjwa wakafuatiliwa mwaka hadi mwaka, na ripoti ya muda mrefu ikatoka 2019. Humo imeandikwa kwamba ilipofika miaka 15.8, asilimia 76 ya vifundo vilikuwa havijabadilishwa.

Mgonjwa akitajiwa namba hiyo kliniki, huondoka akiamini kwamba watu 76 kati ya 100 bado wanatembea vizuri baada ya karibu miaka 16. Namba haisemi hivyo. Haizungumzii maumivu, wala haizungumzii kutembea. Na utafiti ulipofungwa, kati ya wale 184, waliokuwa hai walikuwa 84.

Watafiti hawakuficha chochote; yote hayo yamo kwenye ripoti yao. Shida ni kwamba asilimia husafiri peke yake. Hutoka kwenye jarida, ikaingia kwenye kipeperushi, kisha mdomoni mwa mtu, na maelezo yake yakabaki nyuma. Anayetaka kuamua juu ya mguu wake anahitaji kuyarudisha maelezo hayo mahali pake.

Kiungo kinachobeba ajali ya zamani

Nyonga na goti kwa kawaida huchakaa kwa umri. Kifundo cha mguu mara nyingi huchakaa kwa sababu kiliwahi kuumia. Katika kliniki moja ya chuo kikuu huko Iowa, Marekani, walichunguzwa wagonjwa 639 wenye yabisi kali ya kifundo; karibu asilimia 70 walikuwa na historia ya jeraha, yaani mfupa uliovunjika au kano zilizoteguka mara kwa mara. Wenye baridi yabisi ya rumatoidi, ile inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo, walikuwa asilimia 12.

Kwa hiyo wagonjwa hawa huja wakiwa vijana kuliko wale wa nyonga. Mtu aliyeanguka na bodaboda akiwa na miaka 25, mfupa ukaunga ukiwa umepinda kidogo, anaweza kufika kwa daktari wa mifupa akiwa na miaka 45, gegedu (utando unaokinga ncha za mifupa) imekwisha, na mbele yake kuna miaka 30 ya kutembea. Kwa mzee wa miaka 75, kiungo kinachodumu miaka 12 huenda kikamtosha. Kwa huyu wa 45 hakitoshi, na atakapohitaji cha pili, mfupa wa kukishikiza utakuwa umepungua.

Kifundo kina mifupa mitatu: tibia, yaani mfupa wa muundi, juu, fibula kwa upande wa nje, na talasi chini, juu ya mfupa wa kisigino. Gegedu yake ni nyembamba, milimita 1 hadi 2 hivi. Eneo la kugusana ni karibu theluthi moja ya lile la goti, lakini kila hatua hulibebesha mzigo unaofika mara nne au tano ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 hukanyagia hapo mzigo wa kilo 280 hadi 350, maelfu ya mara kwa siku. Talasi nayo ni mfupa wa ajabu: hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana nao, sehemu kubwa ya uso wake ni gegedu, na damu huifikia kupitia njia chache tu. Ukisoma ripoti za vifundo bandia vilivyoshindwa, talasi hujitokeza tena na tena.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mambo mengi yatakayoonekana kwenye picha ya mwaka wa kumi huamuliwa katika saa mbili za upasuaji. Kwa hiyo inafaa tuingie.

Mgonjwa hulala chali, mkanda wa kubana damu ukiwa pajani. Njia inayotumika zaidi ni ya mbele: mkato wa sentimita 10 hadi 15, ukipita kati ya ukano wa msuli unaoinua unyayo na ukano unaoinua kidole gumba. Chini yake kuna mshipa wa ateri na neva, vinavyosogezwa kando kwa uangalifu. Ngozi ya hapo ni nyembamba na haina nyama ya kuikinga, na ikivutwa kwa nguvu muda mrefu, kingo za jeraha hukosa damu. Hiyo ndiyo sababu kidonda cha mbele kuchelewa kufunga ni tatizo linalotajwa karibu katika kila utafiti wa upasuaji huu.

Kisha hufungwa fremu ya vipimo sambamba na muundi, na mashine ya eksirei ya chumbani huonyesha msumeno utapita wapi. Hukatwa kipande chembamba cha mwisho wa tibia, na juu ya talasi huchongwa ili ipokee kofia ya chuma. Upande wa ndani kuna jicho la mguu. Msumeno ukiteleza milimita chache, jicho hilo huvunjika. Madaktari wengi huchomeka pini mapema ili kulilinda.

Baada ya hapo hugongwa vipande viwili vya chuma, kwa kawaida kobalti-kromu au titani, ambavyo upande unaogusa mfupa umepakwa tabaka lenye vinyweleo ili mfupa uote na kushika. Katikati huingia plastiki ngumu ya polietilini. Katika aina moja plastiki hufungwa kwenye chuma cha juu. Katika aina nyingine, kama STAR, haifungwi popote, huteleza kati ya vyuma viwili. Plastiki za STAR huja na unene wa milimita 6 hadi 10. Nyembamba kupita kiasi, kifundo hulegea na kuyumba. Nene kupita kiasi, hakikunji. Unyayo usipopanda vya kutosha, ukano wa kisigino hurefushwa papo hapo.

Mgonjwa hutoka na hogo au buti gumu, na kwa kawaida hupita wiki sita hivi kabla ya kukanyaga kwa uzito wote. Mfupa unahitaji utulivu huo ili uote kwenye tabaka la chuma. Chuma kilichogongwa kikiwa kimeinama nyuzi chache kitabeba mzigo upande mmoja kwa miaka yote inayofuata. Plastiki italika upande huo, na mfupa wa talasi ulio chini yake utabonyea. Upasuaji ukifanywa kwenye kifundo kilichopinda bila kwanza kunyoosha mguu wote, matokeo ni hayo hayo.

Kushindwa maana yake nini?

Tafiti nyingi hutoa asilimia ya vifundo "vilivyodumu". Neno hilo linategemea kabisa umeamua nini kuwa ndiyo kushindwa, na kwa miaka mingi kila kundi la watafiti lilikuwa na uamuzi wake. Mwaka 2011 kundi la wataalamu likiongozwa na Msweden, Anders Henricson, lilipendekeza tafsiri moja: kushindwa ni kutolewa au kubadilishwa kwa kipande kimoja au zaidi cha kiungo bandia, isipokuwa pale plastiki inapobadilishwa tu kwa sababu daktari amefungua kifundo kwa jambo lingine. Ni tafsiri nzuri kwa kulinganisha nchi na nchi. Lakini tazama kinachobaki nje. Mgonjwa aliyerudi kupasuliwa ili kusafisha mfupa uliozidi kuota na kubana pembeni hahesabiwi. Wala yule aliyejazwa kipandikizi cha mfupa ndani ya mashimo ya talasi hahesabiwi, mradi vyuma vimebaki.

Tofauti hiyo si ndogo. Wafaransa walifuatilia vifundo 98 vya aina ya Salto kwa miaka 7 hadi 11. Walipohesabu kubadilishwa kwa kipande cha kiungo, vilivyodumu miaka 10 vilikuwa asilimia 85. Walipohesabu kurudi chumba cha upasuaji kwa sababu yoyote ya kifundo hicho, namba ilishuka hadi 65. Wagonjwa ni wale wale na picha ni zile zile, ila swali limebadilika. Watafiti wale walitoa namba zote mbili, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Kwa mgonjwa anayepanga maisha yake, kwa maoni yetu ile ya 65 ndiyo ya kuuliza kwanza, kwa sababu inamwambia uwezekano wa kulazwa tena, kukaa tena na magongo, kukosa tena kazi.

Halafu kuna asiyeingia katika namba yoyote kati ya hizo mbili: mtu ambaye kifundo chake kinamuuma kila siku, lakini amekataa kupasuliwa tena, au daktari amemwambia moyo wake hauwezi kuhimili dawa ya usingizi. Katika jedwali la kudumu, huyu ni mafanikio. Ndiyo maana utafiti mzuri huambatanisha dodoso, kwa mfano lile la Manchester na Oxford liitwalo MOXFQ, linalouliza juu ya maumivu, kutembea na kusimama, na kushirikiana na watu. Utafiti wa miaka 15 usiokuwa na sehemu hiyo umeeleza habari za chuma, haujaeleza habari za mwenye mguu.

Walioondoka kwenye hesabu

Turudi Wrightington, kwenye wale 84 waliobaki hai. Miaka 15 ni mirefu, na wengi wa waliopasuliwa walikuwa watu wazima tangu mwanzo. Njia ya hesabu inayotumika sana, ya Kaplan-Meier, humtoa mtu kwenye kundi siku anapofariki akiwa na kifundo chake, au siku anapopotea. Hahesabiwi kuwa amefaulu wala ameshindwa. Kundi linabaki dogo, na hesabu inaendelea na waliobaki.

Njia hiyo ni halali, lakini ina udhaifu mahali pawili.

Kwanza ni mwishoni mwa mchoro. Tuseme mstari umesimama kwenye asilimia 80, na wanaoendelea kufuatiliwa ni watu 10. Mmoja wao akibadilishiwa kifundo, mstari unaanguka mara moja hadi 72. Ndiyo maana asilimia ya miaka 15 isiyotajiwa mipaka yake haifai kitu. Ile 76 ya Wrightington ilitolewa na mipaka: ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 64 na 88. Mtu akikwambia "76", mwulize mipaka.

Pili ni wale waliopotea. Hesabu inadhania kwamba aliyepotea ana hatari sawa na aliyebaki. Je, ni kweli? Mgonjwa asiyeridhika huenda akatafuta hospitali nyingine, na huko ndiko kifundo kinakotolewa, bila daktari wa kwanza kupata habari. Njia nyepesi ya kupima uzito wa jambo hili ni kufanya hesabu ya hali mbaya kuliko zote. Chukua mfano: kati ya watu 100, 12 wamebadilishiwa na 10 hawajulikani walipo. Kushindwa kunaweza kuwa 12, kunaweza kufika 22. Waliopotea wakizidi walioshindwa, asilimia ya kudumu haikubebi mbali.

Kifaa hicho hicho cha STAR kilifuatiliwa Uswisi kwa wagonjwa 72 wenye vifundo 77, miaka 11 hadi 15. Waliodumu na vyuma vyao miaka 10 walikuwa asilimia 70.7, na kufika mwaka wa 14 ni 45.6. Weka namba hiyo kando ya 76 ya Waingereza. Kundi ni dogo, kwa hiyo mkia wa mchoro ni mwepesi kuanguka. Lakini pia hospitali yenye uzoefu mkubwa wa kubadilisha vifundo huenda ikafungua mapema zaidi kuliko ile inayongoja. Asilimia ya kudumu hupima kifaa, na ndani yake imo pia mikono na maamuzi ya madaktari wa mahali hapo.

Aliyebuni na aliyehesabu

Vifundo bandia vya mwanzo vilishindwa vibaya. Mwaka 1970 Wafaransa Lord na Marotte walijaribu kugeuza wazo la shina la nyonga bandia, wakaliingiza ndani ya tibia na kuitoa talasi yote. Kati ya wagonjwa 25, 12 walishindwa kabisa. Hospitali ya Mayo, Marekani, iliripoti 1994 juu ya vifundo 204 vya muundo wake vilivyoshikizwa kwa saruji ya mifupa: miaka 5 asilimia 79, miaka 10 asilimia 65, miaka 15 asilimia 61. Ripoti yake nyingine, ya 1996, ilishauri muundo huo usiendelee kutumika. Hospitali kuandika dhidi ya kifaa chake ni uaminifu wa kisayansi unaostahili kukumbukwa.

Vifaa vya baadaye vilikuja na namba nzuri zaidi. Kofoed aliripoti kwamba STAR za bila saruji zilidumu kwa asilimia 95 miaka 12. Mwaka 2013 timu ya Beat Hintermann, Uswisi, iliripoti vifundo 722 vya Hintegra, ambavyo yeye ni mmoja wa wabunifu wake: asilimia 94 kwa miaka 5 na 84 kwa miaka 10. Hizo ni kazi za wabunifu. Sasa soma rejesta za kitaifa, ambamo kila daktari wa nchi huingiza wagonjwa wake. Norwei, vifundo 257: asilimia 89 kwa miaka 5, 76 kwa miaka 10. Uswidi, vifundo 780 tangu 1993: asilimia 81, kisha 69.

Mwaka 2011 timu ya Gerold Labek ilichunguza pengo hilo. Walikuta kwamba karibu nusu ya yaliyochapishwa yalitoka kwa wabunifu wa vifaa, na kwamba matokeo ya baadhi yao yalikuwa bora waziwazi kuliko ya wagonjwa wa kawaida waliomo kwenye rejesta. Hatuna sababu ya kudhani udanganyifu. Mbunifu anakijua kifaa chake hadi kwenye skrubu ya mwisho, anachagua wagonjwa wanaokifaa, na amefanya mamia. Uswidi iliona athari ya uzoefu moja kwa moja: madaktari watatu waliokuwa wakiweka STAR nyingi walipata matokeo bora walipovuka wagonjwa wao 30 wa kwanza. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza daktari wake yuko wa ngapi.

Uchambuzi mmoja wa 2013 ulikusanya makala 58 zenye vifundo 7,942 na kupata asilimia 89 kwa miaka 10. Ni namba inayonukuliwa sana. Ukiijua habari ya Labek, utaisoma ukikumbuka ni nani waliandika nyingi ya makala hizo.

Rejesta nayo ina mipaka yake. Inategemea fomu ijazwe. Kifundo kikitolewa na mifupa kugandishwa, yaani kuunganishwa kuwa mmoja, daktari anaweza kuona hajafanya upasuaji wa kiungo bandia, akaacha kujaza. Hata hivyo, hakuna chombo kinachoona nchi nzima kama rejesta. Uingereza iliongeza vifundo kwenye rejesta yake ya kitaifa Aprili 2010. Kwetu Afrika, Malawi ilianzisha rejesta ya viungo bandia 2005, kazi yake kubwa ikiwa nyonga na goti, na imeonyesha kwamba hili si jambo la nchi tajiri pekee: linahitaji fomu, mtu wa kuijaza, na nidhamu ya miaka.

Mfupa unavyoliwa kimya kimya

Kushindwa kwingi hakuji kwa kishindo. Mfano uliofundisha wengi ni wa kifaa kilichoitwa AES. Huko Finland viliwekwa 130 tangu 2002. Wagonjwa wengi walijisikia vizuri. Lakini picha za eksirei zilionyesha mashimo kwenye mfupa kuzunguka chuma katika asilimia 37 ya vifundo, na katika asilimia 21 mashimo yalikuwa makubwa. Waliopewa toleo lenye tabaka jipya la titani na haidroksiapataiti (madini yanayofanana na ya mfupa) walikuwa na hatari mara tatu zaidi ya wale wa toleo la awali. Tabaka lililokusudiwa kuboresha kushika ndilo lililokuwa na matokeo mabaya zaidi. Kifaa kikaondolewa sokoni. Bila ufuatiliaji wa picha kwa watu wasio na maumivu, mashimo yale yangegunduliwa pale talasi inapobomoka.

Mashimo hutokana na nini? Plastiki inaposuguana na chuma hutoa chembechembe ndogo mno. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuziyeyusha, na hutoa kemikali zinazoamsha seli zinazokula mfupa. Majimaji ya kiungo nayo, yakisukumwa kwa kila hatua, hupenya kwenye mwanya kati ya chuma na mfupa na kuupanua. Mfupa ukishakuwa na mapango, chuma hupoteza mhimili na kuzama. Picha ya kawaida huonyesha sehemu tu ya uharibifu, kwa kuwa chuma huficha kilicho nyuma yake. CT-Scan huonyesha mashimo kuwa makubwa zaidi ya yalivyodhaniwa.

Plastiki yenyewe pia huvunjika. Machi 2021 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilitoa tahadhari kwamba plastiki za STAR zilikuwa zikivunjika kwa kiwango kilichozidi matarajio, nyingine baada ya miaka mitatu au minne. Sehemu ya maelezo ilikuwa kwenye mfuko wa kufungia. Plastiki zilizofungashwa kabla ya Agosti 2014 zilikuwa kwenye mfuko usiozuia hewa ya oksijeni. Polietilini iliyosafishwa kwa mionzi hubaki na sehemu zinazoungana na oksijeni kwa urahisi. Ikikaa rafuni, huanza kuwa kavu na dhaifu hata kabla ya kuingia mwilini. Tatizo la namna hii haliwezi kuonekana kwenye utafiti wa miaka miwili.

Kugandisha nako kuna miaka yake

Njia ya zamani na inayopatikana mahali pengi zaidi ni kugandisha kifundo: gegedu iliyobaki inakwanguliwa, tibia na talasi zinabanwa kwa skrubu, na mifupa inaungana kuwa mmoja. Maumivu ya kifundo huisha, na mwendo wake huisha pia. Viungo vya jirani hubeba kazi hiyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001 uliwaangalia watu 23 waliogandishwa, wastani wa miaka 22 baadaye. Wengi wao walikuwa na yabisi kwenye kiungo kilicho chini ya talasi, upande ule ule. Hiyo ndiyo bei ya kugandisha, na hulipwa polepole.

Je, kipi bora? Jaribio kubwa la kuwapangia wagonjwa kwa bahati nasibu, TARVA, lilifanyika kwenye hospitali 17 za Uingereza kwa wagonjwa 303 wa miaka 50 hadi 85, na matokeo yakatoka 2022. Baada ya wiki 52 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa ya kutembea na kusimama. Tofauti ilikuwa pointi 5.6 kati ya 100 kwa upande wa kiungo bandia, ndogo kuliko pointi 12 ambazo watafiti walizitaja kuwa ndizo mgonjwa angezihisi, na haikuwa na uhakika wa kitakwimu. Vidonda vilivyochelewa kupona vilikuwa asilimia 13.4 kwa kiungo bandia na 5.7 kwa waliogandishwa. Damu kuganda mishipani kulikuwa 2.9 dhidi ya 4.9. Kwa waliogandishwa, asilimia 7 mifupa haikuungana na iliwasumbua.

Mwaka mmoja ni mwanzo tu. Kiungo bandia hushindwa kwa kulegea na kuliwa kwa mfupa, mambo ya mwaka wa 5 hadi wa 15; kugandisha huleta madhara kwa jirani katika miaka hiyo hiyo na zaidi. Anayetumia TARVA kusema "hakuna tofauti" amesema kweli ya mwaka wa kwanza.

Kuna ambao hawapaswi kabisa kuwekewa kifundo bandia: wenye maambukizi yanayoendelea, wenye kisukari kilichoua hisia za miguu, wenye talasi iliyokufa sehemu kubwa, wenye damu isiyofika vizuri mguuni. Kwa baadhi yao kugandisha ndiyo njia salama zaidi.

Siku ya kliniki

Aliyewekewa kifundo bandia anafaa kupigwa picha akiwa amesimama, kwa mbele na kwa upande: wiki ya 6 hivi, miezi 3, miezi 6, mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka miwili, hata kama haumwi. Daktari hulinganisha na picha ya kwanza. Chuma kilichobadilisha mwelekeo kwa nyuzi 5, au kilichozama milimita 5, kimesogea. Mstari mweusi wa milimita 2 kati ya chuma na mfupa, hasa ukiongezeka, ni wa kufuatiliwa kwa CT-Scan. Mstari mwembamba ulioonekana mapema na kutulia si lazima uwe na ubaya.

Maumivu mapya kwenye kifundo kilichokuwa kimetulia hayapaswi kusubiri tarehe ya kliniki. Vivyo hivyo uvimbe wa ghafla, mlio mpya wa kugongana, mguu kuanza kuinama upande mmoja, au jeraha linalotoa majimaji. Kuondoa chuma mapema, kabla talasi haijamomonyoka, humwachia daktari mfupa wa kuwekea kiungo kipya au wa kugandisha. Kuchelewa humlazimu kujaza pengo kwa kipandikizi, kupitisha nondo kutoka kisigino hadi ndani ya tibia, na kumwacha mgonjwa na mguu mfupi.

Kabla ya kutoka hospitali, omba karatasi yenye jina la kifaa, namba ya toleo la kila kipande, tarehe, na unene wa plastiki kwa milimita. Vibandiko vyake huja ndani ya boksi la kila kipande na hubandikwa kwenye faili. Piga picha vibandiko hivyo kwa simu. Hifadhi pia picha za eksirei za wiki ya 6, kwa sababu hospitali huhama mifumo na mafaili hupotea. Tahadhari ya 2021 ilipotoka, swali la kwanza lilikuwa plastiki ilifungashwa lini, na jibu lake liko kwenye kibandiko.